Kutoka Namasakata hadi Songea: Familia ya Kiislamu Italala Wapi?

Mama yetu mzazi ana mazoea ya kuuliza maswali mawili kila afikapo mahali pageni: kibla kiko wapi, na maji yako wapi. Akishajibiwa hayo huvua kandambili, huketi, na kwake yeye safari huwa imekwisha. Usiku ule wa mwezi wa Julai tulipoingia Songea, ilipita saa nzima bila kupata jibu la swali lolote kati ya hayo mawili, na saa nzima hakuketi.

Tulikuwa watano: mama, dada yetu mkubwa, wanawe wawili na mwandishi wa makala haya. Tulitoka Namasakata, kata ya wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma. Watu wa Dar es Salaam wakituuliza kwetu ni wapi nasi tukataja Namasakata, hutukodolea macho. Tukisema Songea, huelewa mara moja, kana kwamba mkoa mzima ni mji mmoja. Basi tumezoea kujibu "Songea," ijapokuwa kutoka Tunduru mjini hadi huko ni mwendo wa kilomita zipatazo 260 kupitia Namtumbo. Zamani, kabla ya lami, safari hiyo wakati wa masika ilikuwa ni ya kumuaga mtu kwa dua. Siku hizi mtu huondoka asubuhi akitarajia kula chakula cha mchana mjini.

Sisi hatukukila. Mama alikuwa na barua ya rufaa kwa ajili ya macho, nasi tulikusudia kufika mapema, tukaripoti hospitali, kisha tukalale kwa shangazi. Basi likaharibika kabla ya Namtumbo. Tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi tulikaa kando ya barabara, malori ya makaa ya mawe yaendayo bandari ya Mtwara yakitupita na kutufunika vumbi la pembezoni mwa lami. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, chini ya mwembe wa watu tusiowajua. Tulipoingia Songea ilikuwa saa tatu ya usiku, na simu ya shangazi ilikuwa imezimwa.

Hapo ndipo tulipoiona hoteli. Ilikuwa pembezoni mwa mji, mahali ambapo mashamba ya mahindi na viwanja vilivyopimwa bado vinagombea ardhi. Kibao chake kilikuwa kikubwa na chenye taa: vyumba vya kisasa, ukumbi wa mikutano, maegesho salama, bustani ya mapumziko, karibuni wenye shughuli, karibuni wenye likizo. Tukasema alhamdulillahi, tukaingia.

Meza ya mapokezi ilikuwa ndiyo kaunta ya baa.

Hatutaitaja nyumba hiyo, wala hatukusudii kuilaumu peke yake, maana ziko nyingi za namna ile kutoka Songea hadi Mtwara na kutoka Songea hadi Dar es Salaam. Mwenye nyumba amejenga vyumba nyuma, ameweka baa mbele, na mgeni wa chumbani hana budi kupita katikati ya wanywaji ili aandike jina lake. Dada yetu alijitanda mtandio hadi machoni. Hakuwa akiwaogopa walevi. Alikuwa akiogopa kuonwa na mtu wa Tunduru. Wasomaji wetu wa kike wataelewa jambo hili bila maelezo, lakini kwa ajili ya waume na kaka zao tutalisema: neno "gesti" katika lugha yetu limeharibika. Vyumba vinakodishwa kwa saa, na wenyeji wa mtaa wanajua ni kwa ajili ya nini. Mwanamke mwenye heshima zake akionekana anatoka humo asubuhi, hata akiwa ameshikana mkono na mama yake, maneno hutangulia kufika nyumbani kabla yake.

(Neno "hoteli" lenyewe nalo lina kisa chake. Kwa wengi wetu hoteli ni mahali pa kunywa chai na maandazi, hata kama hapana kitanda kimoja. Mtoto wetu mmoja alishangaa kusikia tunakwenda kulala hotelini. Akauliza kama tutalala juu ya meza.)

Binti wa mapokezi alikuwa na adabu njema. "Shikamoo mama. Karibuni sana, poleni na safari."

"Marahaba mwanangu. Kibla kiko wapi?"

Alitutazama, akaona haya. "Mama, mimi ni Mkristo, sifahamu. Ngoja nimuulize mlinzi." Mlinzi akasema ni mashariki, kwa yakini ya mtu asiyetaka kusumbuliwa. Kwa manufaa ya wasafiri wengine, tuseme hapa kwamba Songea na Tunduru ziko kusini mwa Makka, hivi kwamba kibla cha huku ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo sana. Anayeswali kuelekea mawio ya jua akiwa Ruvuma amekosea kwa karibu robo ya duara.

Maji ya moto hayakuwapo. Wanaoijua Songea mwezi wa Julai wanajua maana yake. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaotoka kwenye joto la Tunduru huiona baridi yake kama adhabu. Binti yule aliondoka kwenye kaunta, akachemsha maji jikoni kwa mkono wake, akamletea mama ndoo nzima ya kutawadhia. Mwenyezi Mungu amlipe. Mengine ya usiku huo ni mepesi kuyasimulia: muziki uliendelea hadi saa nane, na saa saba mwanamume mmoja aliyepotea chumba alitugongea mlango kwa nguvu, nyuma yake msichana akicheka. Mpwa wetu wa miaka tisa akauliza, "Mjomba, huyu anatafuta nini?" Tukamwambia amepotea, na hatukuwa tumesema uongo.

Mama hakulala. Alikaa kitandani na tasbihi yake hadi Alfajiri. Tulipokuwa tunafunga mabegi alisema bila hasira, "Wanangu, tumenunua usingizi na hatukupewa."

Nyumba zisizokaliwa

Huenda msomaji akadhani kwamba hoteli ni jambo la kigeni, na kwamba Uislamu unaijua karamu ya nyumbani tu. Sivyo. Katika Suratun-Nur, baada ya waumini kuamrishwa wasiingie nyumba za watu bila ya kubisha hodi na kutoa salamu, inafuata aya ya 29 ambayo inaondoa ubaya katika kuingia nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake yamo manufaa yao. Wafasiri wengi wameeleza kwamba miongoni mwa nyumba hizo ni zile zilizojengwa njiani kwa ajili ya wasafiri na wafanyabiashara kushusha mizigo na kulala. Nyumba ya wageni, basi, ina mahali pake katika Kitabu, nayo imetajwa baada tu ya aya za stara na heshima ya nyumba, na kabla tu ya aya ya kuinamisha macho. Mpangilio huo unastahili kufikiriwa na kila mwenye kiwanja.

Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi 720, aliandikiana na gavana wake wa Samarkand juu ya jambo hilihili. Mwanahistoria at-Tabari anasimulia kwamba alimuamuru ajenge nyumba za wasafiri katika nchi yake: apitaye akirimiwe mchana mmoja na usiku mmoja, na wanyama wake wahudumiwe, akiwa mgonjwa, akirimiwe siku mbili na usiku mbili, na aliyeishiwa njiani asaidiwe hadi afike kwao. Tuliposoma habari hii tulimkumbuka mama na barua yake ya rufaa. Mgonjwa alitajwa peke yake miaka 1,300 iliyopita, akaongezewa siku.

Pwani yetu nayo ilikuwa na utaratibu wake. Ibn Battuta, aliyezuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza kwamba mfanyabiashara mgeni akiingia Mogadishu hakuachwa atangetange; kila mmoja alishukia kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Mgeni na biashara havikutenganishwa, wala biashara haikuuondoa ukarimu.

Wayao, ambao ndio wengi huku kwetu, waliujua Uislamu kwa njia hiyohiyo ya kusafiri na kulala kwa watu. Misafara yao ilikwenda Kilwa na kurudi, ikabeba pembe na nguo, na pamoja na nguo ikabeba dini. Mwezi wa Julai mwaka 1866 mgeni mmoja Mwingereza, David Livingstone, alifika kwa mfalme Mataka huko Mwembe, ng'ambo ya mto Ruvuma, akiwa amechoka na hana chakula cha kutosha. Mataka alimpa nyumba ya pembe nne ya kukaa, iliyojengwa kwa mfano wa nyumba za pwani, na akamlisha. Hakumuuliza kwanza dini yake.

Nyumbani kwa shangazi

Asubuhi simu ya shangazi iliwaka. Alipojua tulikolala alimfokea mama kama wifi amfokeavyo wifi: "Unalala gesti nami nipo hai? Watu watasemaje?" Saa nne tulikuwa kwake.

Hapa tunataka kuandika kwa uangalifu, kwa sababu wema wa shangazi hatuwezi kuulipa. Nyumba yake ina vyumba viwili na sebule. Katika chumba kimoja alikwishalala mgonjwa kutoka Lukumbule na mke wake, wa ukoo wa mume wake marehemu, ambao walikuwa wametimiza wiki mbili. Shangazi alitupa chumba chake mwenyewe. Yeye na wajukuu zake wakatandika mkeka sebuleni. Saa kumi za usiku tulimsikia akiwasha jiko la mkaa ili mama na mgonjwa yule wapate maji ya moto ya kutawadhia. Kisha uji, kisha chai, kisha kuchambua mchele. Tulihesabu: alikuwa akipikia watu kumi na mmoja. Umri wake umepita miaka 60. Hatukumsikia akilalamika hata mara moja, na pengine ndiyo maana jambo hili haliandikwi magazetini.

Wanaume hupenda sana kusifu ukarimu wa Waswahili na wa Waislamu kwa jumla. Aghalabu husahau kusema ni nani anayeamka saa kumi. Nyumba yoyote ya Mwislamu iliyo karibu na hospitali kubwa, katika mji wowote, ni hoteli isiyo na malipo wala mfanyakazi, na mwenye kuiendesha ni mwanamke mmoja.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kwamba kinachozidi hapo ni sadaka, na katika mafundisho hayohayo alimkataza mgeni asikae kwa mwenyeji hadi akamtia dhiki. Nusu ya kwanza tunaisikia kwenye mawaidha mara nyingi. Nusu ya pili ni nadra. Mama anaijua. Wahenga nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; siku ya tatu mama, pamoja na macho yake mabovu, alishika ufagio, na jioni yake akatuita uani.

"Daktari amesema turudi Jumatatu," alisema. "Leo ni Jumatano. Mimi sikai tena juu ya mgongo wa wifi yangu."

"Gesti hutaki, mama. Tutakwenda wapi?"

"Ninyi ndio mnaoandika magazeti. Tafuteni."

Tukatafuta. Tulichokipata, na tunakiandika kwa shukrani na kwa haya kidogo, ni hosteli inayoendeshwa na kanisa. Vyumba vilikuwa vya kawaida, safi, vyenye vyandarua vizima. Lango lilifungwa saa nne ya usiku. Hapakuwa na pombe, hapakuwa na muziki, na hakuna aliyetugongea mlango. Mama aliswali Tahajudi usiku wote nne, na asubuhi dada yetu alitoka nje uso wazi bila kumwogopa mtu.

Si ajabu kwamba wenzetu wameliweza jambo hili. Kilomita chache kutoka Songea ipo abasia ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Kanuni ya shirika lao, iliyoandikwa katika karne ya 6, inawataka wampokee kila mgeni kama ambavyo wangempokea Masihi mwenyewe. Wameifanya kanuni hiyo kuwa kitanda, shuka na ufunguo. Sisi tuna kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.) na ndama wa kuchoma, tuna kisa cha Suratul-Kahf, cha mji uliokataa kuwakaribisha Nabii Musa (a.s.) na mwenzake, ukatajwa kwa ubaya huo hadi Siku ya Kiyama. Visa tunavyo.

Jambo moja la fiqhi, kabla hatujaendelea, kwa kuwa tuliulizana sana juu yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri na huswali rakaa zote. Lakini aliyefungwa na haja ambayo anatarajia imalizike wakati wowote, asijue ni lini, anaendelea kupunguza hadi siku 18. Mwenye kungoja majibu ya vipimo ambayo huenda yakatoka leo au kesho anaingia katika hukumu hii ya pili. Aliyepewa tarehe ya mbali na akanuia kuingoja papo hapo anaingia katika ile ya kwanza. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Hesabu ya vyumba sita

Siku ya Ijumaa, baada ya Swala, tulikutana msikitini na mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, mwenyeji wa Songea, mtu wa makamo. Alipokisikia kisa chetu alicheka kwa uchungu, akatuchukua kwenye gari lake hadi nje ya mji, upande wa barabara ya Njombe. Akatuonesha kiwanja chake: msingi wa vyumba sita umefika usawa wa ardhi, na nyasi zimeota ndani.

"Nimesimama hapa miaka miwili," alisema. "Si kwa kukosa saruji. Kila ninayemuuliza ananiambia bila baa hoteli haijai."

Tuliketi juu ya matofali, tukapiga hesabu naye. Tuseme kila chumba ni shilingi 30,000 kwa usiku. Vyumba vitatu tu kati ya sita vikipata mgeni, mwezi wa siku 30 unaingiza shilingi 2,700,000. Ondoa mishahara ya watu watatu, umeme, maji, sabuni, kufua mashuka, kodi na ushuru. Kinachobaki si utajiri, lakini ni riziki. Kuhusu baa, alikiri mwenyewe kwamba hesabu yake haijawahi kuandikwa na mtu. Huambiwa tu kwamba inalipa. Chupa zinazovunjwa, ugomvi, polisi, na yule mgeni wa mkutano aliyehama usiku wa kwanza kwa sababu ya kelele, hao hawaingizwi kwenye daftari.

Tukajiuliza wageni watatoka wapi. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho unapofunguliwa Tunduru na minada ya ushirika kuanza, njia hii hujaa wanunuzi, wapima ubora, madereva na makarani. Maofisa wa serikali na mashirika hufanya semina mwaka mzima, nao wanachohitaji ni ukumbi wenye umeme usiokatika, chai ya saa nne na utulivu. Wako wanaokuja kwa ajili ya Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, hasa kila tarehe 27 Februari wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Wako wazazi wanaopeleka watoto shule. Na wako wagonjwa na wauguzaji wao, kutoka kila wilaya ya mkoa, kila siku ya Mungu. Miongoni mwa wote hao, anayeitaka baa chini ya dirisha lake ni nani? Hata wale wanywao, wengi wao hupenda kunywa kwingine na kulala pasipo kelele. Na wasio Waislamu wenye familia zao watakuja vilevile. Sisi tuliifuata hosteli ya kanisa kwa sababu iyo hiyo.

Wako ndugu zetu wanaojitetea kwa namna nyingine: "Mimi sinywi wala siuzi, nimepangisha tu fremu ya mbele." Katika Hadithi zilizopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, laana ya pombe haikumfikia mnywaji peke yake, imewagusa anayeikamua, anayeibeba, anayebebewa, anayeiuza, anayekula thamani yake. Mwenye fremu na ajitafute katika orodha hiyo kabla hajatoa risiti ya kodi.

Fedha za kumalizia ndizo zilizotuchukua muda mrefu. Rafiki yetu hataki mkopo wa riba, na haki ni yake. Tulimkumbusha kwamba hali si kama ilivyokuwa alipokuwa kijana. Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011 kwa kufuata misingi ya sharia, na baadaye benki nyingine kubwa za nchini zikaanzisha madirisha ya namna hiyo. Katika mauziano ya murabaha, benki hainunui deni. Inanunua mabati na nondo, ikavimiliki, kisha ikamuuzia mteja kwa bei ya juu kidogo waliyokubaliana mapema, akalipa kwa awamu, na bei haiongezeki kwa kuchelewa. Aliijua njia hiyo. Anachoogopa ni deni lenyewe, hata likiwa halali. Tukampa rai ya ushirika: watu watatu, kila mmoja na mtaji wake, faida na hasara kwa mafungu, na kila neno liandikwe kwa mashahidi kama inavyofundisha aya ndefu ya Suratul-Baqara. Alinyamaza. Ushirika wa Waislamu mjini, alisema, huanza kwa dua na kwisha kwa kutoamkiana. Hatukuwa na hoja ya kumjibu, maana nasi tumeuona.

Alikuwa na swali ambalo lilimsumbua kuliko fedha. Atawezaje kuizuia zinaa katika nyumba yake bila ya kuwavunjia heshima mke na mume walio halali? Adai cheti cha ndoa? Nani kati yetu husafiri nacho? Tulizungumza sana, na rai yetu ilikuwa hii: asikodishe chumba kwa saa, hata mgeni aongeze bei, taa ya mbele iwake usiku kucha, wageni wenye familia wawe na upande wao na mlango wao, daftari liandikwe kwa ukamilifu, mbele ya mtu mzima mwenye heshima. Mwenye nia mbaya hupenda giza na haraka, na nyumba isiyompa hivyo viwili itamchosha. Yaliyobaki ni siri ya mja na Mola wake, na mwenye hoteli hakuamrishwa kuchungulia.

Tulimwonya pia juu ya jambo ambalo Waislamu hatupendi kuambizana. Kuandika "halali" kwenye kibao hakusafishi choo. Tumewahi kulala katika nyumba ya mwenzetu ambamo aya zilikuwa zimening'inizwa ukutani vizuri kabisa, na shuka lilikuwa na nywele za mgeni wa juzi. Malaysia waliliona hilo, wakatoa kiwango cha taifa cha huduma za ukarimu kwa Waislamu, MS 2610 cha mwaka 2015, ambacho hakikuishia kwenye nyama na pombe. Kinazungumzia alama ya kibla chumbani, maji ya kujitwahirisha chooni, usafi wa mahali pa kuswalia, na mafunzo ya wafanyakazi. Binti yule wa usiku wa kwanza, aliyetuchemshia maji, angefaulu sehemu ya mafunzo bila kuketi darasani. Tulimtajia rafiki yetu kwamba akifungua, amtafute.

Jumatatu mama aliona daktari, akapewa dawa na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Tulipokuwa tukienda kupanda basi, mfanyabiashara alikuja kutuaga. Akamuuliza mama, kwa heshima, kama ana la kumshauri juu ya nyumba yake.

Mama alifikiri. "Baba, mimi si mtu wa biashara. Weka maji ya moto. Weka mshale wa kibla, uwe mkubwa, sisi wengine macho hayaoni. Na usiku, akigonga mtu, pawe na mtu wa kumuitikia ambaye si mgeni."

Akayaandika katika simu yake, moja moja.

Wiki iliyopita tulimpigia. Ameanza na vyumba viwili badala ya sita. Kuta zimefika kwenye renta, na mabati ameyatoa dukani kwake mwenyewe. Tarehe ya mama ni katikati ya Oktoba. Kila anaposikia gari likipita barabarani hapa Namasakata huuliza kama tumepata habari, na kama mabati yameshapanda.